Muuguzi Aliyekuwa Akibisha Hodi

Miaka ile, mtoto wa miezi saba akizaliwa hapa Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, hakuna aliyeuliza mapafu yake yatakuwaje akitimiza mwaka. Watu waliuliza kama kesho ataamka. Wazee walishikilia kwamba wa miezi saba hupona na wa minane hufa, na sisi wauguzi vijana tulieleza mpaka sauti zikatukauka kwamba kila juma analoongeza tumboni ni faida yake. Lakini mara nyingi hata huyo wa saba hakupona. Aliguna kila alipotoa pumzi, mbavu zikabonyea ndani, tundu za pua zikatanuka, na kabla ya siku ya tatu alikuwa amechoka. Mama alirudi nyumbani mikono mitupu, maziwa yakimvuja.

Haukuwa umaskini wetu peke yake. Mwezi wa nane mwaka 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alimzika mwanawe Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati na kuishi siku mbili tu. Hospitali zote za nchi ile tajiri hazikuweza kumsaidia. Na chanzo kilikuwa kimeshajulikana. Mwaka 1959 daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hayana ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane kila anapotoa pumzi. Kujua chanzo na kuwa na dawa ni mambo mawili. Utelezi wa kutengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe ulisubiri hadi mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara alipoutumia kule Japani. Katikati ya miaka hiyo zilikuja mashine za kupumulisha, nazo ziliokoa watoto. Ndipo mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford walipoandika walichokikuta kwa hao waliookolewa: mapafu yenye makovu, yamevimba huku na kusinyaa kule, na mtoto ana mwezi mzima lakini hawezi kuachana na oksijeni.

Huo ndio ugonjwa sugu wa mapafu ya watoto njiti. Ni deni la kupona. Mtoto aliyekufa siku ya pili hawezi kuupata, na kwa sababu hiyo Katanga nzima tulikaa miaka mingi bila kuuona sana. Leo tunauona, na kinachoniuma ni kwamba umetukuta wakati ambao kitu kimoja tulichokuwa nacho cha kupambana nao kimeshapotea.

Nilijifunza kazi Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ya Gécamines, kampuni ya shaba. Chumba cha watoto wa kabla ya wakati kilikuwa na kuvezi chache (vile visanduku vya joto vya kulazia watoto), pamba, na chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye vitambaa. Kipimo cha oksijeni cha kubana mguuni, hiki ambacho leo kila mtu anakijua, hatukuwa nacho. Tulitumia macho. Tulifundishwa kuangalia ulimi, wala si vidole, maana vidole vya mtoto mdogo hugeuka bluu kwa baridi tu, lakini ulimi ukigeuka ujue damu imekosa hewa. Tulihesabu pumzi dakika nzima, saa mkononi, kwa kuwa njiti hupumua mbio, kisha hunyamaza, kisha huanza tena. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne umejidanganya. Na mtawa aliyetusimamia alikuwa na sheria ambayo sijapata kuisikia ikipingwa na kitabu chochote kipya: usimguse mtoto kwa sababu moja. Subiri mpaka uwe na sababu tatu. Umbadilishe nepi, umgeuze, umlishe, vyote kwa mara moja, kisha umwache alale, kwa sababu kila anaposhtuliwa anatumia hewa ambayo hana.

Maziwa yalikuwa ya mama mwenyewe, aliyeyakamua na kuyaleta kwenye kikombe kilichofunikwa. Yalipita kwenye mpira mwembamba wa puani, tone kwa tone, mkono wa muuguzi ukishikilia bomba juu kidogo tu ya kichwa cha mtoto. Ukiinua sana, maziwa yanashuka haraka, tumbo linajaa, linasukuma mapafu kutoka chini, na papo hapo mtoto anaanza kuguna. Nimesimama hivyo usiku kucha, bomba mkononi, nikijifunza kutohema kwa nguvu. Oksijeni tuliitoa kwa woga. Tulijua habari iliyotoka Melbourne, kwa daktari Kate Campbell, mwaka 1951, kwamba ikizidi hupofusha macho ya njiti. Basi tulifungua kidogo, tukaangalia ulimi, tukafunga kidogo, tukaangalia tena.

Wachache walivuka. Na kati ya hao wachache wapo waliofikisha mwezi na kichwa bado kinalowa jasho wanaponyonya, pumzi mbio, uzito umegoma. Mama zao walisema ni watoto wa kifua. Sisi tuliandika kwenye kadi, tukawaruhusu waende nyumbani. Na kazi ambayo leo ninaililia ilianzia hapo.

Mtoto wa namna hiyo alikuwa na siku yake ya kupimwa. Mama akija, tunampandisha mtoto kwenye mizani, tunalinganisha na juma lililopita, tunamtazama akinyonya. Mama asipokuja, kesho yake mtu anatumwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni. Anafika mlangoni, anabisha hodi, anaketi. Hakwenda kugombeza. Aliangalia mtoto analala wapi, moshi wa jiko unaelekea wapi, nani ndani ya nyumba anakohoa, ndoo ya kunawia iko wapi. Mara nyingi kilichomwangusha mtoto kilikuwa kwenye moja ya hayo manne, na dawa yake ilikuwa kuhamisha jiko au kumwomba mjomba akalale kwa jirani mpaka kikohozi kiishe.

Sitaki kupamba. Utaratibu ule haukuzaliwa kwa upendo. Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuwahesabu na kuwapima watoto wa kambi tangu miaka ya 1920, ilipochoka kuleta wafanyakazi kutoka mbali na kuona ni nafuu waoe, wakae, wazae hapa hapa. Mtoto alipimwa kwa sababu alikuwa mkono wa kesho wa kampuni. Na aliyekuwa nje ya kambi alikuwa nje. Sisi wa Mokambo tulilijua hilo vizuri: mke wa mchuuzi wa mpakani, mke wa mkulima, binti aliyevuka kutoka upande wa Zambia kuja kwa bibi yake, hao mizani ya kampuni haikuwahusu. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na mpaka ule wa ndani na nje ukabaki palepale.

Hata hivyo, namna yenyewe ilikuwa sahihi. Kupima, kuandika, kufuata nyumbani: kwa mapafu yaliyojeruhiwa hakuna mashine inayoshika nafasi ya mambo hayo matatu.

Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 1986 ilikuwa ikitoa tani zipatazo 470,000 za shaba; mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha hata tani 30,000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alishawaandikia wana wa Shaba, ndiyo Katanga yetu, kitabu mwaka 2001, na jina lake linasema wameachwa na baba yao, yaani kampuni. Watu wengi wanapolikumbuka anguko lile wanataja posho, shule, mishahara. Mimi nataja yule aliyekuwa akibisha hodi. Hakufukuzwa kwa kelele. Aliacha tu kuja, na akina mama wa sasa hawajui kwamba aliwahi kuwapo.

Wakati huohuo, maarifa yaliendelea kukua. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey aliona watoto wawili watatu wakibanana katika kuvezi moja, akaamua kuwaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Tulipoisikia mara ya kwanza wengi wetu tuliona ni njia ya maskini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtoto awekwe kifuani mara baada ya kuzaliwa, asisubiri hata kutengemaa. Kifua cha mama kinatoa joto, na mtoto mwenye joto hatumii oksijeni yake kujipasha. Kule Blantyre, Malawi, wauguzi wa Hospitali ya Queen Elizabeth walijaribu mashine nafuu inayosukuma hewa puani kwa mfululizo, ncha ya bomba ikiwa imezama kwenye chupa ya maji na kutoa mapovu, ili vifuko vya hewa visifunge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 71 ya watoto waliowekewa mashine hiyo walipona, dhidi ya 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Mama aliye karibu kujifungua kabla ya wakati anaweza kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, jambo ambalo Liggins na Howie wa New Zealand walilithibitisha mwaka 1972. Hata kafeini, ileile ya kahawa, ambayo humkumbusha njiti kupumua, tangu mwaka 2006 imejulikana kwamba inapunguza ugonjwa huu sugu.

Si yote yaliyofika kila mahali, lakini yamefika ya kutosha. Mtoto wa Mokambo ambaye miaka yangu angekufa, leo anapakiwa kwenye gari kwenda Lubumbashi, au anavushwa mpaka kwenda Mufulira ambako ni karibu zaidi, anakaa wodini wiki sita au nane, na anarudi. Anarudi akiwa hai, ana kilo mbili, na pumzi bado ni za mbio. Anapewa karatasi, na karatasi imeandikwa Kifaransa au Kiingereza.

Twende naye nyumbani. Mokambo imekaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda hewa inapungua. Mwenye mapafu mazima hahisi, mwenye makovu anahisi. Mwezi wa sita na wa saba usiku baridi huuma, na dawa ya baridi kwetu ni babula, jiko letu la makaa. Makaa yanawashwa nje, yakishaiva babula inaingizwa ndani, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa nguo, watu wanalala. Makaa yaliyoiva hayatoi moshi unaoonekana, kwa hiyo mama anaamini hakuna ubaya. Lakini hewa ile ina sumu ambayo pua haiinusi, na mtoto anayepigania kila pumzi ndiye wa kwanza kuilipia. Nje barabarani malori ya shaba yanapanga foleni kungoja kuvuka, injini zinanguruma, vumbi linapanda na kutua juu ya kitanda, juu ya maziwa. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mikojo ya wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda, wakakuta kobalti na madini mengine kwa viwango vya kutisha. Wetu ni watu wa njiani, si wa mgodini, ila vumbi halibagui.

Mama huyo anahitaji kuambiwa nini? Machache, lakini aambiwe na mtu aliyeketi ndani ya nyumba yake. Babula isiingie chumbani. Usiku mtoto alale kifuani mwake, kitenge kimefungwa, mama ameegemea mto asilale chali kabisa. Anyonyeshwe kidogo kidogo, mara nyingi, na akianza kutoka jasho kichwani au kuguna, apumzishwe kwanza. Akishindwa kunyonya, maziwa yakamuliwe, apewe kwa kikombe kidogo. Anayekohoa asimbebe, hata awe bibi yake mzaa baba. Na hapa ndipo muuguzi anapohitajika zaidi, kwa sababu mkamwana hawezi kumwambia mama mkwe asimshike mjukuu, bali muuguzi anaweza, kwa heshima, akimwita mama, akieleza. Chanjo zisicheleweshwe kwa kisingizio kwamba mtoto ni mdogo. Umri unahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na chanjo ya nimonia, iliyoingia Kongo mwaka 2011, inamhitaji yeye kuliko yeyote. Uzito kila juma. Uzito ukisimama majuma mawili, mapafu yanakula chakula chote kwa kazi ya kupumua, na hilo halionekani kwa macho ya mtu anayemwona kila siku.

Kuna watoto wanaohitaji oksijeni nyumbani. Nchi nyingine hutoa mashine ndogo inayochuja oksijeni kutoka hewani, ambayo haitaki mtungi, inataka umeme tu. Umeme tu! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waya wa kilomita zipatazo 1,700 ulivutwa kutoka bwawa la umeme la Inga mpaka Katanga, ukipita juu ya vijiji vyenye giza, ili migodi isizimike. Bado upo. Kwetu umeme hukatika bila taarifa, na mashine ya oksijeni ikinyamaza saa nane za usiku mtoto hawezi kuiambia isubiri. Mama niliyekuwa nikimtembelea mwaka juzi alikuwa akilala amevaa viatu, ili umeme ukikatika akimbie na mtoto kwa jirani mwenye jenereta. Mtoto yule sasa anatembea. Kwa wengine hakukuwa na jirani.

Mwezi wa tisa mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, pamoja na matunzo ya mtoto mchanga, na kuupeleka mikoa mingine hatua kwa hatua. Ninaushukuru kwa moyo wote. Nimeona akina mama wakizuiliwa wodini kwa deni. Lakini kwa hesabu za waganga mtoto ni mchanga mpaka siku ya 28. Na kwa hesabu hizohizo, ugonjwa sugu wa mapafu unaanza kuitwa kwa jina lake mtoto akiwa bado anahitaji oksijeni siku hiyo ya 28. Mahali matunzo ya mtoto mchanga yanapokoma ndipo ugonjwa huu unapoanza.

Wenzetu wa Tanzania wamesogea. Kwa kelele za watu kama Doris Mollel, aliyezaliwa njiti wa gramu 900 na sasa ana taasisi ya kuwatetea, sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025 ili mama wa njiti aongezewe likizo ya uzazi. Ni hatua njema, ingawa kwa Mokambo ingewagusa wachache. Hapa mama ni wa kuuza unga na mafuta kwa faranga na kwacha, likizo yake ni siku ambayo hakuuza.

Kinachonishinda kukikubali ni hiki. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.8 za shaba, mara tano na zaidi ya kilele cha Gécamines, na sehemu yake inapita mbele ya milango yetu. Wakati wa shaba kidogo kulikuwa na mtu wa kumfuata mtoto nyumbani, japo kwa waliobahatika tu. Wakati wa shaba nyingi hayupo kwa yeyote. Mtu asiniambie nchi haina uwezo.

Uwezo upo hata kwenye karatasi. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inailazimu kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na wenyeji wana viti kwenye kamati zinazoamua fedha hiyo iende wapi. Katika eneo letu la Sakania migodi haikosekani. Mgodi wa Frontier uko karibu na mji wenyewe wa Sakania. Nimeona fedha za namna hiyo zikijenga majengo, na majengo ni mazuri, yanapigwa picha. Jengo halibishi hodi.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaokaa kwenye kamati hizo, na ninyi wakubwa wa afya wa Haut-Katanga: kabla hamjapitisha jengo jingine, wekeni mshahara wa muuguzi mmoja kwa Mokambo. Mpeni pikipiki, mizani ya watoto, kipimo cha oksijeni cha kubana mguuni, na daftari lenye majina ya kila njiti aliyerudi kutoka Lubumbashi au Mufulira. Asiulize baba wa mtoto anafanya kazi kampuni gani. Kazi yake ianze siku ya 28, na mwajirini kabla ya mwezi wa sita, baridi haijaingia.